Tausi hapandishwi na dume la Njiro

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu mambo haya kwenye simu yanakatikakatika. Umeuliza kwa nini nakataa Tausi, jike letu la mbwa wa aina ya Ridgeback, apandishwe na dume la rafiki yako wa Njiro, wakati dume lenyewe ni zuri, mstari wake wa mgongoni, ule wa nywele zilizoota kinyume, umenyooka, na tayari kuna watu wawili walioahidi laki nane kwa kila mtoto. Ukaongeza, na nakushukuru kwa kuniuliza kwa adabu, kwamba familia yetu inahangaika na mbwa hawa tangu enzi za babu yako na faida hujaiona.

Nianze na lile dume. Baba yake ni Chui, na baba yake Tausi ni huyohuyo Chui. Rafiki yako hawezi kujua, maana yeye alimnunua mkononi mwa mtu mwingine. Mimi najua kwa sababu alizaliwa kwa shangazi yako Usa River, na jina lake limo kwenye daftari la babu yako, lile lenye jalada jeusi. Ridgeback wa huku kwetu ni wachache. Wengi wao ukifuatilia ukoo wanakutana kwa mababu walewale. Ukipandisha ndugu kwa ndugu, mara ya kwanza unaweza kupata watoto wazuri tu ukajipongeza. Shida huja kwa wajukuu: wanazaliwa wachache, wengine hawana nguvu ya kunyonya, majike wanapandishwa na mimba haikai. Babu yako aliyaona hayo kwa jirani, ndiyo maana daftari lile halijawahi kukosa mwandishi. Kabla ya kuangalia sura ya dume, kwanza alifungua daftari.

Sasa nije kwenye mstari, maana hapo ndipo penye jibu langu hasa.

Mbwa wenye nywele zilizoota kinyume mgongoni walikuwa wa Wakhoikhoi, kusini kabisa mwa Afrika, kabla Wazungu hawajafika. Walowezi wakawachanganya na mbwa wao, na wawindaji wa Zimbabwe ya leo, akiwemo Cornelius van Rooyen, wakawatumia kuwindia simba. Usidhani mbwa hawa walikuwa wanamuua simba. Kazi yao ilikuwa kumzunguka, kumbwekea na kumkwepa, asipate nafasi ya kuondoka mpaka mwenye bunduki afike. Mwaka 1922, kule Bulawayo, Francis Barnes aliitisha mkutano wa wafugaji, na hapo ndipo ilipoandikwa sifa rasmi ya mbwa huyu: mstari unaoanzia nyuma ya mabega na kwenda ukipungua hadi nyongani, na karibu na mwanzo wake mizunguko miwili ya nywele inayotazamana.

Tangu hapo mstari ukawa ndiyo kila kitu. Wafugaji wengi, kwa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa bila mstari walimuua siku ileile. Mtoto mzima, anayenyonya vizuri, anauawa kwa sababu nywele zake zimelala upande wa kawaida!

Babu yako alilikataa jambo hilo tangu mwanzo. Jike lake la kwanza, Bella, alipewa na Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa ambaye alikuwa anarudi kwao. Bella alipozaa, wawili walitoka bila mstari, na watu waliokuwa wanawajua mbwa hawa wakamwambia awatupe. Mzee hakuwatupa. Mmoja alimpa mlinzi wa shamba, na wa pili alikaa hapa nyumbani mpaka akazeeka. Ndiye aliyekuwa akipambana na fisi waliokuwa wanashuka usiku kutoka upande wa Ngurdoto kufuata mbuzi wetu. Nilipoolewa hapa nilimkuta bado yuko hai, na kwa kweli sijaona mbwa jasiri kumpita yeye.

Nakwambia haya kwa sababu ule mstari tunaoupenda una upande wake mbaya. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniuliza kwa nini nawafinya watoto wa mbwa? Nilikuwa natafuta tundu. Unamlaza mtoto mapajani, unainua ngozi kwa kidole gumba na cha shahada kuanzia kisogoni, unaiviringisha taratibu, unasogea kidogo, unaiviringisha tena, mpaka kwenye mkia. Ngozi salama inateleza yote. Yenye tundu, utahisi kama uzi umeishika kwa chini na hautaki kuachia. Ukinyoa nywele pale unaona kitobo kidogo sana, pengine kijinywele kimechungulia. Kitobo hicho ni mrija unaoshuka ndani, na ukiwa mrefu unafika hadi kwenye uti wa mgongo. Ukiingiwa na uchafu unatunga usaha, na usaha ukifika kwenye uti mbwa anapooza au anakufa. Daktari wa mifugo anaweza kuutoa kwa upasuaji kama haujaenda mbali, lakini wapo ambao hakuna la kufanya. Mzee alinifundisha kupapasa siku za mwanzo kabisa, kisha kurudia mtoto akishakua kidogo, maana mara ya kwanza vidole vinaweza kupitwa.

Mwaka 2007 watafiti, wengi wao wa Sweden, walieleza chanzo cha mstari na tundu. Mstari unatokana na kipande cha vinasaba kilichojirudia. Mbwa akirithi kipande hicho kwa mzazi mmoja tu, mstari anao. Akirithi kwa wazazi wote wawili, mstari anao vilevile, ila hatari ya kuzaliwa na tundu inakuwa kubwa zaidi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Sasa mwangalie Chui. Alipandisha majike mengi na hakuwahi kuzaa hata mtoto mmoja asiye na mstari. Watu walimsifu sana kwa hilo. Mimi linanionyesha kwamba huenda alikuwa amerithi pande zote mbili, na kwenye daftari watoto wake wenye tundu wameandikwa, wala si mmoja. Unaniambia nimchukue binti yake nimpe mtoto wake wa kiume. Hapana, mwanangu. Hata wangeahidi milioni.

Nina dume ninalolitaka. Liko Nairobi, kwa mama mmoja anayeandikisha mbwa wake East Africa Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa. Halina undugu na wetu kwa vizazi vyote ninavyoweza kuvisoma kwenye karatasi zake. Wafugaji wengine wanalikwepa kwa sababu limeshazaa watoto wasio na mstari, na mimi nalitaka kwa sababu hiyohiyo. Dume lenye mstari likizaa mtoto asiye nao, basi lenyewe limerithi upande mmoja tu. Akizaliwa hapa mtoto asiye na mstari nitamlea kama wengine na nitamtafutia nyumba nzuri. Asiyemtaka kwa sababu ya mgongo wake simpi hata mwenye mstari.

Kuhusu faida, ada yako ililipwa na kahawa na maziwa, hilo unalijua. Hela ya mbwa iliishia kwenye dagaa, unga, chanjo na dawa ya kupe. Mimi nawapenda, Baraka. Napenda jike linavyosimama kati ya mtoto wa binadamu na mtu asiyemjua, bila kelele. Napenda kwamba mbwa huyu ukimfokea anasikitika siku nzima, kwa hiyo anakulazimisha uwe na ulimi mzuri nyumbani kwako. Mmoja wa hao wa laki nane aliniuliza mnyororo uwe wa urefu gani. Huyo hapati mtoto kutoka kwangu.

Kwa hiyo mpigie rafiki yako, umshukuru, umweleze ukoo wa dume lake ili naye asije akalipandisha kwa ndugu zake wengine. Mwambie daftari liko hapa, aje alisome akitaka. Tausi akiingia kwenye joto tena nitampeleka Nairobi mwenyewe. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa anacho. Kinachobaki ni cheti cha afya na kibali cha kuvuka mpaka wa Namanga, na hivyo nitavishughulikia mapema kwa daktari wa mifugo. Wewe nisaidie usafiri tu, maana gari la mjomba wako halifai kwa safari ile.

Msalimie mkeo na watoto.

Mama yako,
Tengeru