Hz za kioo haziongezwi na fundi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha gemu hapa Masasi, PS4 mbili, na usiku naonyesha muvi. Malipo ya korosho yakitoka nataka kununua TV ya inchi 55, na mwakani Mungu akijalia niongeze PS5. Mtwara mjini nimeonyeshwa mbili. Moja imeandikwa 60Hz. Nyingine boksi lake lina namba 240, bei imezidi kwa laki tatu na nusu. Rafiki yangu anasema nichukue ya bei ndogo, kuna fundi anaiflashi inakuwa 120 kwa elfu themanini. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hz unazijua, ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde, sitakurudisha darasani. Nianze na huyo wa elfu themanini, kwa sababu kila malipo ya korosho yakianza kutoka, kazi za watu kama yeye huishia mezani kwangu.

Kasi ya kioo imo kwenye kioo chenyewe na kwenye tikoni, ile bodi inayokipelekea picha. Kikitoka kiwandani ni cha 60, kitabaki cha 60 hadi siku kitakayopasuka. Kuflashi ni kuweka upya programu kwenye bodi kuu. Kunasaidia TV iliyoganda kwenye nembo, si kukipa kioo mbio ambazo hakina. Anachofanya bwana huyo ni kubonyeza namba za siri kwenye rimoti, kuingia menyu ya mafundi na kubadilisha namba ya kioo. Ukibahatika hakitabadilika kitu, umeliwa elfu themanini tu. Usipobahatika, TV imedanganywa kuwa ina kioo kingine: picha inageuka kichwa chini, rangi zinavurugika, au sauti ipo picha hakuna. Hapo ndipo inaletwa kwangu imefungwa kwenye shuka, na mwenyewe anaapa kwamba ilizimika yenyewe. Waranti nayo ndiyo imekwenda.

Sasa hiyo 240. Hapa wanaliwa hata wasomi. Tazama neno lililo karibu na namba. Samsung wana Motion Rate, LG wana TruMotion, Sony wana Motionflow, na wengine kila mmoja na jina lake. Hizo ni hesabu za biashara: wanajumlisha taa za nyuma zinavyowaka na kuzima, na fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) za kubuni ambazo TV inazichomeka katikati ya zile halisi. Samsung iliyoandikwa Motion Rate 120, kwa mfano, kioo chake ni cha 60. Kwa hiyo 240 inaweza kuwa 120 ya kweli, inaweza kuwa 60, na boksi peke yake halikuambii. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo mstari wa "Native Refresh Rate", yaani kasi halisi ya kioo. Usipokuwapo, jua wana sababu ya kutouweka. Ipo na janja ya siku hizi, kioo cha 60 kinachopokea 120 kwa kupunguza mistari ya picha nusu. Maandishi madogo yatasema 120 kwa 1080p, yaani mistari 1080. Hawajasema uongo, ila hiyo si 4K, picha yenye mistari yote, kwa 120.

Kuna muuzaji atakayegeuza TV akuonyeshe kibandiko cha nyuma: AC 100-240V, 50/60Hz. "Unaona 240 hiyo, bosi?" Ile ni voltiji ya ukutani! Na Hz zilizoandikwa pale ni za umeme, hazihusiani na kioo. Mwenzake atakutisha kwamba umeme wetu ni wa Hz 50, TV ya 120 itaungua. Haiungui. Pawasapulai inageuza umeme wa ukutani kuwa DC kwanza, umeme usio na Hz, kioo hakijui hata kama uko Tanzania. Kinachoua TV huku kwetu ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, na katika hiyo laki tatu na nusu unapata stebilaiza na chenji inabaki.

PS4 haivuki 60. Kwa mashine ulizo nazo, kioo cha 120 hakiongezi kitu kwenye gemu. Wateja wako wakilalamika kwamba TV ni nzito, mara nyingi ni pad kuchelewa: TV inakaa na picha kwanza ikiipamba, ndipo inaionyesha. Ikiwa kwenye hali ya kawaida inaweza kuchelewa hata milisekunde 100. Fremu moja ya 60 inakaa kama milisekunde 17, kwa hiyo mtu amebonyeza shuti, fremu sita zimepita, beki ameshafika. Weka hali ya gemu kwenye menyu ya picha. Ni bure, na inashinda namba yoyote ya kwenye boksi.

PS5, iliyotoka 2020, inatoa 4K kwa 120 kupitia HDMI 2.1, toleo la tundu na waya wa picha lenye uwezo huo, lakini kwa gemu zilizoandikwa hivyo tu. Gemu nyingi za mpira zinaenda 60, na najua kibanda chako kinaishi kwa mpira. Ukilenga gemu za risasi na magari, tafuta 120 ya kweli. Hata hapo kagua matundu ya HDMI ya TV, si yote yanapitisha 120. Mara nyingi ni mawili kati ya manne, na moja ndilo hilo hilo la saundibaa. Waya tumia uliokuja na PS5. Wa elfu hamsini wenye nakshi za dhahabu hauongezi hata Hz moja.

Kwenye muvi, 120 ina faida ya kweli ingawa ndogo. Filamu ni fremu 24. Ndani ya 60 hazigawanyiki sawasawa, moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kamera ikipita taratibu utaona picha inakwama kidogo. Ndani ya 120 kila fremu inapata mara tano. Lakini kile cha kulainisha mwendo kwa fremu za kubuni kizime, kwani ndicho kinachofanya muvi ya mamilioni ya dola ifanane na video ya harusi. Na muvi za DJ za kwenye flashi zimesharekodiwa upya mara kadhaa, hizo hazisaidiwi na kioo chochote.

Mimi ningechukua ile ya 60. Tofauti ya laki tatu na nusu kwa 120 halisi ya inchi 55 ni ndogo mno, inanitia shaka. Kama bado unaitamani, piga picha namba ya modeli, uitafute kwenye tovuti ya kiwanda kabla hujalipa, herufi kwa herufi, maana herufi moja ya mwisho inaweza kuwa TV nyingine kabisa. Iandikwe hivyo hivyo kwenye risiti. Na boksi lisafiri limesimama hadi Masasi, wasikulazie juu ya keria chini ya magunia.