Maswali Yenu: Tembo wa Ruaha na maua ya Kitulo havikai msimu mmoja

Barua nyingi za safari hii zinatoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: safari ya gari ya siku kama kumi, kuona wanyama Ruaha, kisha kupanda milima upande wa Mbeya. Tumechagua sita.

Kamwene wahariri. Tuko watu sita wa kikundi cha kuweka na kukopa, tumejichanga twende kutalii na mwongozaji. Kampuni imetupangia siku kumi mwezi wa Agosti: Ruaha, Kitulo, ziwa Ngosi na mlima Rungwe. Wanasema tutaona wanyama wengi na maua ya Kitulo. Inawezekana?
*Msomaji, Kihesa, Iringa*

Kamwene. Wanyama mtawaona. Maua, hapana.

Agosti ni mwezi mzuri Ruaha. Mvua zimeshakoma, vidimbwi vya porini vimekauka, majani yamelala, na kila mwenye kiu anashuka mtoni. Mto Ruaha Mkuu wenyewe huwa umepungua mno. Kuna sehemu hukatika kabisa yakabaki madimbwi yenye viboko na mamba waliobanana. Dereva anayeijua kazi hazunguki hovyo wakati huu. Anaegesha karibu na dimbwi mapema asubuhi, anazima injini, anasubiri. Tembo huja, tandala wakubwa na wadogo huja, na simba analala kichakani upande uleule ambao swala wanapitia. Tazameni pia mibuyu: mingi ina magome yaliyochanwa na pembe za tembo hadi usawa wa kichwa cha mtu na zaidi, maana kiangazi tembo hutafuta unyevu ndani ya shina.

Kitulo mwezi huohuo ni nyasi za kahawia, upepo, na umande unaoganda usiku. Maua huanza mvua zikianza, yakakolea kati ya Desemba na Aprili. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu: aina zaidi ya 350 za mimea, okidi peke yake aina 45 hivi. Lakini nendeni Ruaha Februari muone: majani yamefika kwenye dirisha la gari, maji yako kila mahali, tembo wametawanyika, na baadhi ya njia hazipitiki.

Kwa hiyo amueni mnafuata nini. Kama ni wanyama, bakini na Agosti au Septemba, na Kitulo muichukue kama uwanda wa kutembea. Kama ni maua, nendeni Februari na Ruaha muipunguze iwe ya ndege, ambao msimu huo ni wengi sana. Wanaotaka kugawana hasara huenda mwishoni mwa Novemba, wakati mvua ndiyo kwanza inagusa. Ni bahati nasibu, ila si mbaya. Anayewaahidi vyote Agosti ama hajawahi kufika Kitulo Agosti, ama amefika na anajua ninyi hamjafika.

Mpangilio wao wa kuanza Ruaha lakini ni sahihi, msiubadilishe. Msembe, makao makuu ya hifadhi, pako chini ya mita 1,000 hivi. Iringa mjini ni kama 1,600, uwanda wa Kitulo 2,600, kilele cha Rungwe 2,960. Mwili unapanda ngazi kwa ngazi. Ukigeuza, unaanza na ngazi ya juu kabisa ukiwa umetoka kuketi ofisini.

Mimi ni dereva, nimezoea lami. Nimepewa Land Cruiser ya dizeli kupeleka wageni Ruaha, siku mbili za kuzunguka ndani. Niweke mafuta kiasi gani, na mchanga wa mtoni niuendeeje?
*Dereva, Makambako*

Piga hesabu hivi. Iringa mpaka Msembe ni kama kilomita 130, kwenda na kurudi 260. Ndani ya hifadhi weka kilomita 100 kwa siku, kwa hiyo 200. Jumla 460. Gari lililobeba watu saba na mizigo, kwenye vumbi na gia ndogo, lihesabie kilomita 6 kwa lita: ni lita 77. Ongeza robo ya akiba, unafika 96. Tuseme 100. Jaza Iringa mjini, usitegemee kupata mbele. Kama tenki halitoshi, beba dumu la chuma la lita 20, lifungwe nje, si ndani na abiria.

Mchanga sasa. Kinachowazamisha wengi ni upepo mwingi kwenye tairi. Tairi ngumu hukata mchanga kama kisu. Tairi iliyolegea hutandaza mguu. Kabla ya kuingia, shusha upepo mpaka kama PSI 20. Weka fo-wili na gia ndogo ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, chagua gia ya pili, na usibadilishe ukiwa katikati, kwa sababu sekunde ile ya kukanyaga klachi ndiyo gari linasimama. Staring usiikate kwa ghafla. Tairi yenye upepo mdogo inaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukishatoka, jaza upepo upya kabla ya kurudi kwenye mawe, la sivyo pancha haikwepeki. Ina maana pampu si ya kuazima, iwe garini.

Ukinasa, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi unachimba, na difu ikishakaa juu ya mchanga umehamia huko. Jaribu kwanza kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Ikishindikana, chimbua mbele ya tairi zote nne na chini ya difu, weka mbao, halafu toka taratibu. Jeki bila ubao mpana chini yake inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Kipande cha sentimita 40 kwa 40 kinatosha. Na kabla mtu yeyote hajashuka, mmoja asimame kwenye tundu la paa atazame pande zote, aendelee kutazama muda wote wenzake wakichimba. Mto ni mahali pa kunywea, na wanaowinda wanajua hilo. Kama unaweza kuwapata askari wa hifadhi kwa simu au redio, waite kwanza.

Mwendo ndani ya hifadhi usizidi 50, na usiku hakuna kuendesha. Barabara kuu ya TANZAM nako, kila kijiji ni 50, na kupigwa tochi na trafiki ni kugusa tu. Kwa hiyo Iringa hadi Chimala, kilomita 250 hivi, usiwaambie wageni saa tatu. Waambie tano.

Kwenda Kitulo nipite Chimala au Isyonje?
*Msomaji, Igawa*

Ukitoka Iringa, panda Chimala, shuka Isyonje. Barabara ya Chimala kwenda Matamba ndiyo ile ya kona 57. Kupanda, adui ni joto la injini, nalo linaonekana kwenye geji, unasimama linapoa. Kushuka na mzigo, adui ni breki, na breki haitoi taarifa mapema. Isyonje inakutoa kwenye barabara ya Tukuyu, jirani na Ngosi na Rungwe, kwa hiyo hurudii njia. Mvua ikinyesha, Chimala uwe umeshamaliza kona kabla giza halijaingia, au lala chini usubiri asubuhi.

Nina miaka 52, magoti yangu si mabaya ila si ya ujana. Wanangu wanataka tupande Rungwe. Je, nitafika?
*Mama, Forest, Mbeya*

Shikamoo mama. Kufika unaweza, kinachowashinda watu Rungwe ni saa na matope zaidi ya umri.

Ni mlima wa siku nzima, saa nane hadi kumi kwenda na kurudi, na hauna huruma ya njia zilizojengwa. Upande wa kusini mashariki ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Unapita msitu, unapita mianzi, ndipo unatoka kwenye vichaka na nyasi za juu. Ukungu hufunga mchana. Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, na kubalianeni mapema saa ya kugeuka: saa saba mchana, popote mlipo, hata kama kilele mnakiona. Wengi wanaopotea hupotea wakishuka jioni kwenye ukungu, wamechoka, wanafuata njia ya wakata kuni.

Wiki sita kabla, mara tatu kwa wiki, panda kilima cha karibu na begi la kilo tano mgongoni. Loleza iko juu ya mji wenu, na njia zake za chini zinatosha. Mazoezi ya kushuka ni muhimu kuliko ya kupanda, maana magoti huumia kwenye mteremko. Fimbo mbili hupunguza mzigo. Zirefushe kidogo wakati wa kushuka.

Viatu visiwe vipya. Viache nafasi ya kidole kimoja mbele. Jioni miguu huvimba, na kwenye mteremko kucha zinazogonga ncha ya kiatu hugeuka nyeusi. Kabla ya kuanza kushuka, kaa chini ukaze kamba upya kwenye kifundo ili kisigino kisiteleze. Ukihisi sehemu inawaka moto, simama palepale, vua, kausha, bandika plasta. Watu husema "nitabandika tukipumzika", na baada ya nusu saa ni lengelenge.

Maji lita tatu kila mtu. Kibali kinatolewa na TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa kuwa Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia ya msitu, haimo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kama Kitulo. Mwombe mwongozaji akuoneshe alipowahi kuonekana kipunji, kima mwenye manyoya ya kusimama kichwani. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote.

Mbung'o na mbu wa Ruaha tujikinge vipi?
*Mwalimu, Mafinga*

Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Vaeni kaki au kijani kilichofifia, kitambaa kizito, kwani chepesi wanakitoboa. Gari likitembea kwenye miombo, funga vioo. Likisimama kwa muda, wengi huondoka. Dawa za kupaka haziwatishi sana.

Kwa mbu: chandarua, mikono mirefu kuanzia magharibi, na muulizeni daktari dawa ya kinga mapema, wiki mbili kabla. Jambo linalosahaulika ni hili: malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza tangu uumwe na mbu. Maana yake homa ya Ruaha inakukuta Kitulo au Rungwe, kwenye hema la baridi, na wote watasema ni mafua ya kuhama hewa. Usikubali. Bebeni vipimo vya haraka vya malaria, mpime siku hiyohiyo, na mkiona mistari miwili shukeni hospitali.

Mimi ni mpishi wa kambi. Maharage Kitulo yananitia aibu, saa tatu motoni bado magumu. Gesi inaisha. Kosa liko wapi?
*Mpishi, Uyole*

Liko kwenye mwinuko. Mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi kama 91, si 100, na kuongeza moto hakuongezi joto la maji; kunapoteza gesi tu. Loweka usiku kucha, yamwage maji yale, na tumia presha kuka. Kama huna, chemsha maharage Iringa au Chimala yaive nusu, yapoe kabisa, uyapandishe kwenye ndoo yenye mfuniko na uyamalizie jioni hiyohiyo. Nyanya weka mwisho: huzuia ganda kulainika.

Wali nao ufunike, uweke jiwe juu ya mfuniko, umimine maji kidogo zaidi ya kawaida. Jiko lizungushie kinga ya upepo ya bati, uache nafasi upande wa mtungi usipate moto. Au fanya kama wapishi wengi wa huko: viazi. Viko Matamba kila kona, vinaiva haraka ukivikata vidogo, na hakuna mgeni aliyewahi kuvikataa kwenye baridi ile.