«Me quedo» na «me queda»: kitenzi quedar kinavyofanya kazi

Swali: Najifunza Kihispania. Kitabu changu kinasema quedar ni "kubaki", lakini nakutana na te queda bien (limekukaa vizuri) na hemos quedado a las ocho (tuna miadi saa mbili), na hakuna kilichobaki hapo. Nitatofautishaje?

Jibu: Weka maana kando kwanza. Tazama kiwakilishi kinachotangulia kitenzi, kisha uone kama nafsi yake inalingana na mwisho wa kitenzi.

Zikilingana (me quedo, te quedas, se queda), mtu mwenyewe ndiye anayebaki: Me quedo en casa, nabaki nyumbani.

Zisipolingana (me queda, te quedan, le queda), kiima ni kitu, na mtu ni mguswa tu. Me quedan diez euros ni "nimebakiwa na euro kumi". Kitenzi hufuata idadi ya kitu: me queda un euro, lakini me quedan diez. Wengi wetu huteleza hapa, maana Kiswahili huanza na "ni-" na mkono unaandika me quedo diez euros. Mhispania atakuelewa, ila vibaya: atadhani unazichukua hizo euro kumi ziwe zako. Nguo nazo hufuata mkondo huohuo. La camisa te queda bien, shati limekukaa vizuri. Los zapatos me quedan pequeños, viatu vinanibana.

Pasipo kiwakilishi, kuna matumizi mawili makuu. La kwanza ni mahali: ¿Dónde queda la estación?, kituo kiko wapi? Hili ni kwa vitu visivyohama tu; funguo ukizitafuta, sema ¿Dónde están las llaves? La pili ni miadi: He quedado con Ana, nina miadi na Ana. Ukichomeka me, ikawa me he quedado con Ana, umesema umebaki naye. Miadi ya namna hii ni mazungumzo ya Hispania hasa. Amerika ya Kilatini utasikia zaidi quedamos en vernos a las ocho, tumekubaliana kuonana saa mbili.

Angalia pia neno linalofuata. Dukani, me quedo con el azul ni "nachukua hili la buluu". Barabarani, me he quedado sin gasolina ni "nimeishiwa petroli". Likifuata neno la hali, mtu ameingia katika hali hiyo: se quedó ciego, alipofuka, se quedó dormido, alipitiwa na usingizi. Kwa mimba, Hispania husema se quedó embarazada, ilhali Amerika ya Kilatini mara nyingi se huachwa: quedó embarazada.