Cha Kurudishwa ni Pesa, si Mke

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, nina miaka 41, mke mmoja na watoto watatu. Mwezi uliopita niliuza gari langu, Toyota Fielder ya 2008, kwa mwalimu mmoja wa Voi aliyeletwa na shemeji yangu, ndugu yake mke wangu. Gari lilikuwa zima. Kweli lilikuwa likinywa maji kidogo, lakini gari gani la umri ule halinywi maji? Kwenye tangazo la WhatsApp niliandika "injini safi, halijawahi kuchemka", kama waandikavyo wauzaji wote. Mwalimu alilijaribu mwenyewe, tukaenda hadi Nyali tukarudi, akaridhika. Tukaandikiana kwa wakili kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo. Siku aliyolichukua, kufika Mariakani likachemka likazimika. Sasa ataka pesa zake zote, laki tano na elfu ishirini, na amenipa siku saba. Pesa zenyewe nimeshazitumia kwa mambo ya nyumbani.

Lakini linaloniuma si mwalimu, ni mke wangu. Shemeji alipoitisha kikao nilimtaka mke wangu aseme neno moja tu, kwamba gari halikuwa na tatizo. Akanyamaza, kisha akasema mbele ya ndugu yake, "Mrudishie mtu pesa zake." Tangu hapo hataki kusema nami, na ile hesabu ya laki nne niliyomwambia mwanzo imemchanganya bure. Mke ni vazi la mumewe, Shangazi, na huyu amenivua nguo mbele ya watu. Nafikiria nimrudishe kwao kwanza, au niende kwa Kadhi. Nishauri.
Niliyesalitiwa, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Kudaiwa zaidi ya nusu milioni, na muhula wa siku saba juu yake, ni jambo la kumkosesha mtu usingizi, na kwa hilo nakupa pole. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sina nyingine, kwa sababu barua yako umeijaza ushahidi dhidi yako bila kujua.

Umesema gari lilikuwa zima, na kabla wino haujakauka ukasema lilikuwa likinywa maji. Gari zima halinywi maji. Maji ya rejeta huzunguka kwenye injini yakarudi pale pale. Ukiona yanapungua kila siku, kuna pahali yanapotokea: rejeta imetoboka, au paipu imepasuka, au pampu inavuja, au gasketi ya hedi, kile kizibo kati ya injini na kifuniko chake cha juu, imekufa na maji yanaingia kwenye silinda na kutokea kwa ekzosi, moshi mweupe. Fundi wako alikwambia hayo, nina hakika. Na nina hakika pia ulimjibu, "Nitengenezee siku mbili tatu tu, nataka kuliuza."

Sasa nikuulize juu ya mkeo. Ni nani aliyekuwa akijaza lile dumu la lita tano likaalo nyuma ya kiti cha dereva? Hukuandika, lakini nimeishi na mwanamume mwenye gari kuukuu, najua kazi hiyo humwangukia nani. Alfajiri bwana yuko chumbani atafuta funguo, bibi yuko uani na kandambili zake, dumu chini ya mfereji, mtoto amemshika leso, na sauti yatoka dirishani: "Jaza mpaka juu, leo nakwenda Mtwapa!" Mwanamke aliyeyajaza maji hayo kwa mikono yake, wewe wamtaka akae mbele ya ndugu yake wa tumbo moja aseme gari halikuwa na tatizo. Angeanzia wapi? Hata kunyamaza kwake kulikuwa heshima. Alikupa nafasi useme mwenyewe, ukaikataa.

Tena Nyali na kurudi! Hapo nilicheka peke yangu. Kisauni na Nyali ni tambarare ya pwani, gari bovu laweza kuzunguka hapo mchana kutwa bila kujisaliti. Mtu wa Mombasa ajua kwamba gari hupimwa likishavuka Changamwe na kuanza kupanda kuelekea Mazeras. Pale ndipo mshale wa joto husema kweli. Ulimpeleka mgeni wa Voi kwenye tambarare, na wewe wajua njia yake ya kwenda kwao ni ile ile ya kupanda. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na lako ulilitembeza kwa uangalifu sana.

Huenda hapo waniambia, "Lakini tuliandikiana, gari limeuzwa jinsi lilivyo." Haya, tuizungumze sheria, maana nawe una haki yako na sitaki uonewe.

Mtu binafsi akiuza gari lake, si sawa na yule mwenye yadi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huyabana zaidi maduka na wafanyabiashara wa kitu hicho kwamba kiwe na ubora unaofaa. Wewe uliyeuza gari la nyumbani, kwa kawaida mnunuzi ndiye wa kufungua macho na kuja na fundi wake. Lau ungenyamaza, ukamwambia "Gari ndilo hili, lete fundi alipekue," kisha likaharibika Mariakani, ningekwambia lala usingizi. Magari ya zamani huharibika, na anayenunua kwa mkono wa pili ajua anachonunua.

Wewe hukunyamaza. Uliandika kwa mkono wako kwamba halijawahi kuchemka. Hayo si majigambo ya muuzaji kama kusema gari ni tamu. Ni habari ya kweli au ya uongo, na mtu ametoa pesa kwa kuiamini. Maneno ya "jinsi lilivyo" hayafuniki uongo uliosemwa waziwazi, hata yakipigwa muhuri wa wakili gani. Na ujumbe wa WhatsApp mahakama huupokea kama ushahidi. Mwalimu akitaka, ataenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, na Mombasa iko. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hukumu yatakiwa itoke ndani ya siku 60, na wala halazimiki kuajiri wakili. Akikasirika zaidi ataelekea kituo cha polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai kwenye Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kifungo hadi miaka 3. Sisemi litafika huko. Nasema acha kumjibu mwalimu kwa kiburi kwenye simu.

Ama huyo Kadhi, mwache apumzike. Kadhi kwa katiba yetu ashughulika na ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Gasketi haimo. Na ukienda kumshtaki mkeo, utamwambia kosa lake nini? Kwamba alikataa kusema uongo?

Kwa kuwa wewe ndiye uliyeileta dini, nami nitaendelea nayo kidogo. Ile aya ya vazi yasema wao ni vazi kwenu, nanyi ni vazi kwao. Nusu ya pili umeisahau njiani. Na ipo hadithi aijuaye kila mtoto wa chuoni: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenyewe, ni nini hiki? Akajibiwa kuwa ni mvua. Akamwambia, mbona hukuuweka juu watu wakauona? Anayetudanganya si katika sisi. Unyevu wako wewe, na hapa pia nina hakika, uliuziba kwa dawa ya rejeta.

Hapa nitoke kwenye gari kidogo, maana hili si la kwako peke yako. Barua za namna hii zimenijaa mezani. Wanaume wa siku hizi mwataka mke awe mshirika wa uongo, lakini kwenye pesa hamtaki mshirika. Simu yalazwa kifudifudi, ujumbe wa M-Pesa wafutwa kabla ya kuingia ndani, kiwanja chanunuliwa Kikambala mke asikie kwa jirani. Ikija shida, ndipo akumbukwe kwamba ni vazi! Mlichokificha mkiwa na raha, mwataka akifiche mkiwa na dhiki. Na nyinyi wanawake msinipigie makofi, najua kuna pesa za chama zinazolala chini ya godoro na mume hajui hata siku ya mkutano. Wengine mmemfunika mume kwa kila deni na kila kiapo cha uongo, mpaka mlango ulipobishwa na dalali wa mahakama aliyekuja kuchukua makochi, ndipo mkaniandikia. Mimi nilifunzwa na somo yangu, yule aliyenifunda, kwamba siri ya ndoa ni ya chumbani na jikoni. Mali ya mtu baki haimo katika siri hizo.

Basi sasa ufanye nini? Anza na shemeji yako, kabla ya mwalimu. Yeye ndiye aliyeweka uso wake mbele, akaleta mtu wake kwa kuamini mume wa dada yake hawezi kumtia aibu. Nenda kwake, wewe kwa miguu yako, si kwa ujumbe. Mwambie gari lilikuwa na tatizo la maji na ulilijua. Usianze na "lakini".

Kisha mpigie mwalimu, kabla siku zake saba hazijaisha, umwambie hukatai kulimaliza. Kubalianeni fundi asiye wako wala wake, alifungue gari hapo lilipo Mariakani, au ulivute mpaka Mombasa kwa gharama yako. Fundi apime mgandamizo wa silinda na atoe kifuniko cha oili aangalie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo sote twajua. Aangalie pia kama hedi imepinda. Hapa nitakutetea, maana haki ni haki: ikiwa mwalimu aliuona mshale umefika kwenye nyekundu tangu Mazeras akaendelea kukanyaga mpaka Mariakani, sehemu ya uharibifu ni yake. Gari likichemka husimamishwa. Hilo laweza kupunguza mzigo wako mkiamua kutengeneza, kwa mfano wewe ulipe gasketi na rejeta mpya, naye achangie kazi ya hedi. Lakini akisema halitaki tena gari lako, usimlazimishe. Ningekuwa mimi nisingelitaka pia.

Akichagua kurudishiwa, usitoe hata shilingi kabla hamjaandikiana upya. Ile karatasi ya kwanza itajwe kuwa imevunjwa, kiasi kiandikwe, tarehe ziandikwe, na iandikwe kwamba akishalipwa hana dai jingine. Lipia kwa benki au M-Pesa, usipeleke bahasha. Kwa kuwa pesa umezila, omba kulipa kwa awamu, na awamu ya kwanza iwe ya kuonekana, si ya kumtuliza mtu. Gari nalo libaki mikononi mwake au kwa fundi mpaka mkubaliane malipo yamefika wapi, na likirudi ulikague: betri ni ile ile, magurudumu ni yale yale, redio ipo.

Na logibuku je? Hukuligusia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka uhamisho wa jina ufanywe ndani ya siku 14, na anayeuanzisha ni muuzaji kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama. Ikiwa jina bado ni lako, kulirudisha gari ni rahisi, lakini ujue kwamba siku zote hizo kama lingegonga mtu barabarani wangekuja Kisauni kukutafuta wewe. Ikiwa umeshahamisha, basi uhamisho wa kurudi ufanywe siku ile ile awamu ya mwisho inapolipwa, nyote wawili mmekaa mbele ya simu.

Ukija kuliuza tena, na utaliuza, litengeneze kwanza au useme ubaya wake na ushushe bei. Wapo watu Mombasa wanaonunua magari mabovu kwa furaha, wana mafundi wao, na hawatakupigia simu usiku.

Kuhusu kumrudisha mkeo kwao: ndugu yake ameshajua yote, wazazi wake watajua kabla teksi haijafika. Utafika mlangoni useme umemleta kwa sababu gani?

Limebaki lile uliloliita hesabu iliyomchanganya. Mkeo hakuchanganyikiwa. Ulimwambia gari limekwenda kwa laki nne, naye kwenye kikao akamsikia mtu anadai laki tano na elfu ishirini. Hata mtoto wako wa mwisho anaweza kuitoa hesabu hiyo. Umeandika pesa zimetumika kwa mambo ya nyumbani, na mwenye nyumba hajayaona mambo hayo. Mimi sikuulizi laki moja na elfu ishirini ziko wapi, si zangu. Ila hataki kusema nawe kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mwalimu, na mpaka utakapolijibu hilo kwa risiti usitarajie hata kuamkiwa.