Ruta ya faiba: usiinunue mapema

Ndugu, kwa kuwa umesema faiba, yaani intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, itafika mtaani kwenu Tabata baada ya miezi kadhaa nawe unataka kununua ruta, kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, Kariakoo sasa hivi, ushauri wangu ni kusubiri, kwani kampuni nyingi humfungia mteja kifaa kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa mawimbi ya umeme, na mara nyingi kifaa hicho chenyewe hutoa Wi-Fi. Ukishindwa kusubiri, tazama kwanza tundu la kuingizia intaneti: liwe la gigabiti 1 (megabiti 1,000) kwa sekunde, kwa sababu tundu la megabiti 100, ambalo bado limo katika ruta nyingi za bei nafuu, litakubana hata ukilipia kifurushi cha megabiti 200. Ruta ya kadi ya simu (SIM) isiyo na tundu la kuingizia intaneti haitakufaa. Chagua yenye Wi-Fi 6, yaani toleo la sita la Wi-Fi, na masafa mawili ya mawimbi ya redio. Ya gigahezi 5 yana kasi, lakini kuta za matofali ya saruji huyadhoofisha, hivyo vyumba vya mbali vitategemea ya gigahezi 2.4. Wingi wa antena, ambao wauzaji hupenda kuusifia, si kipimo cha ubora. Iulize pia kampuni kama inaruhusu ruta ya mteja.