Mkia usikudanganye: kwa mnaoanza kazi ya kutunza mbwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutunza mbwa, iwe majumbani kwa watu au kwenye vile vituo ambako watu wanaacha mbwa wao wakisafiri, mi nilianza bila kuambiwa kitu na kovu lipo mkononi mpaka leo. Ilikuwa Dar, nina kama wiki tatu kazini, kaletwa dume moja la German Shepherd asubuhi, mwenye mbwa kaondoka zake, nikamkuta kasimama mlangoni mwa banda mkia juu unatingishika haraka haraka, nikasema aah huyu kanipenda, nikainama nimshike kichwa. Nyuzi nne.

Kosa langu lilikuwa kusoma mkia peke yake. Mkia unakwambia mbwa kachangamka, basi, haukwambii kachangamka kwa heri au kwa shari. Ule wa furaha umelegea, unakwenda na kiuno chote, mbwa mzima kama yuko kwenye mdundiko, mdomo wazi, masikio hayana habari. Ule wa shari umesimama kama mlingoti, inatetemeka ncha tu, na kwingine kote mbwa kakakamaa, mdomo kaufunga, macho hayapepesi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bari, Italia, walipima mbwa 30 wakakuta mbwa akimwona mwenye wake mkia unaegemea zaidi kulia, akimwona mbwa mgeni mbabe unaegemea kushoto. Inapendeza kujua, ila bandani usijisumbue, mpaka umalize kupima kushoto na kulia ushang'atwa. Hafu kuna hawa Rottweiler waliokatwa mikia wakiwa wadogo, hao hata hicho cha kusoma hawana, ndo maana nasema anza na macho na mdomo, mkia uje mwisho.

Mbwa anaongea kabla hajang'ata, tena anaongea sana, ila anaongea kwa vitu vidogo ambavyo sisi tunaviona vya kawaida. Analamba midomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anageuza uso pembeni ukimsogelea, ananyanyua mguu mmoja wa mbele anaushikilia hewani, au kichwa kakielekeza kule ila jicho linakufuata wewe mpaka unaona weupe wake. Hapo anakwambia kaka nipe nafasi, sijakuzoea. Ukirudi nyuma hatua mbili utamwona anajikung'uta mwili mzima kama katoka kuogeshwa wakati ni mkavu, hiyo ni presha inamtoka. Ukiendelea kumsogelea ndo anapanda ngazi, anaganda, ananguruma, anaonyesha meno. Kile kuganda kiogope kuliko kunguruma, yani mbwa aliyekuwa anahema mdomo wazi ghafla kafunga mdomo na hahemi, toa mkono taratibu.

Na kwenye kunguruma nikae kidogo maana hapa ndo watu wengi wanaharibu. Kuna nyumba nilikuwa naenda kumhudumia mbwa wao, kila akinguruma watoto wakigusa bakuli lake anakula fimbo. Baada ya miezi kadhaa akaacha kunguruma, familia ikafurahi, wakasema sasa kawa na adabu. Siku moja kamng'ata mtoto shavuni, wote wanasema bila onyo, kabadilika tu ghafla. Onyo lilikuwepo jamani, walilitoa wenyewe kwa fimbo, woga ukabaki palepale. Mbwa akinguruma mi nasema ahsante kimoyomoyo, nasimama, hafu natafuta kinachomkera ni nini.

Kingine ni kuinama. Hapa kwetu kila mbwa wa mtaani anajua mtu akiinama anaokota jiwe, jaribu uone, hata kama mkono hauna kitu atatimua mbio. Sasa we unamwinamia mbwa mgeni kutoka juu unamletea mkono kichwani, unategemea aelewe kwamba unampenda? Chuchumaa pembeni, usimkodolee macho, mpe ubavu, yeye ndo aje kukunusa. Akija kwa mwili uliolegea mkune kifuani au chini ya kidevu, hesabu moja mpaka tatu, acha. Akikusogelea tena anataka, akibaki anaangalia pembeni hataki, usimlazimishe. Na kukumbatia tuachie binadamu, mbwa wengi wanavumilia tu.

Halafu ile sura ya "najua nimekosa". Bosi karudi kakuta kiatu kimetafunwa, mbwa masikio chini, mkia katikati ya miguu, bosi anasema ona anajua kabisa alichofanya, anapigwa. Alexandra Horowitz wa New York aliifanyia utafiti uliotoka mwaka 2009, mbwa 14, akakuta ile sura haitegemei kama mbwa kakosa au hajakosa, inatokea zaidi mwenye mbwa akimgombeza, hata yule aliyekatazwa chakula na kweli hakukila aliiweka. Kwa hiyo kiatu cha saa nne asubuhi ukimpigia saa kumi na mbili jioni, anachojifunza ni kwamba wewe ukiingia mlangoni kuna hatari.

Hii kazi haitaki mtu wa kubusiana na mbwa. Fundi niliyejifunza kwake alikuwa Mwislamu safi, glavu na buti muda wote kwa sababu ya mate, akimaliza anajitwaharisha anaenda kuswali, na ndo mtu aliyewaelewa kuliko sisi wote maana alikuwa anawaangalia badala ya kuwashikashika. Kila mbwa mpya alikuwa anamkalia nje ya banda nusu saa na chai yake, anataka kujua huyu akiwa ametulia anakaaje, analalaje, masikio yanakuwaje, ili kesho akibadilika ajue. Usiku wa tarehe 31 Disemba, fataki zikianza, alikuwa anajua nani atachimba ukuta na nani atajificha tu chini ya meza, anawatenga mapema na kuwawekea redio.

Ila sio kila mabadiliko ni hisia. Mpole kawa mkali ghafla au mkali kawa anajipendekeza kwa kila mtu, udenda unamtoka, kumeza hawezi, sauti imekwaruza, huyo usimkaribie, piga simu kwa daktari wa mifugo, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili hafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo, usisubiri uone hali, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Na kabla hujakubali mbwa yeyote aingie bandani, omba kwanza cheti chake cha chanjo ukisome tarehe, hata kama mwenye mbwa anakuangalia kwa dharau.