Kabla hujafomati, uliza nywila na pochi viko wapi

Mteja akikuambia "vitu vyangu vyote nimeshavitoa," muulize ametoa nini. Mara nyingi utasikia picha, nyaraka na vilivyokuwa juu ya meza ya kompyuta. Nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, alamisho za miaka mingi na pochi ya sarafu za kidijitali hajavigusa, kwa sababu hajawahi kuviona kama faili. Wewe unayeanza kazi hii ya ufundi wa kompyuta ndiye unayetakiwa kujua vilipo. Na usitegemee programu za kufufua faili: kwenye SSD, yaani diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, vilivyofutwa huondolewa na diski yenyewe kwa amri ya TRIM, na programu hizo kwa kawaida hazifui dafu.

Kwenye Windows, data hizi hukaa ndani ya folda ya AppData, ambayo imefichwa. Usiitafute kwa kubahatisha. Kwenye Firefox andika about:profiles mahali pa anwani, kwenye Chrome andika chrome://version, nawe utaonyeshwa njia kamili ya profaili, yaani folda ambamo kivinjari huweka data za mtumiaji. Angalia kama zipo profaili zaidi ya moja. Kisha funga kivinjari kabisa ndipo unakili, maana faili zinazoendelea kuandikwa zinaweza kunakiliwa nusunusu.

Firefox haisumbui. Alamisho na historia zimo kwenye places.sqlite. Nywila zimo kwenye logins.json na ufunguo wake ni key4.db, ukichukua moja ukaacha nyingine, hujachukua kitu. Beba folda nzima ya profaili.

Chrome ndiyo inayowaliza wengi. Faili ya alamisho inahama bila shida, lakini nywila zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti ya mtumiaji ndani ya Windows ileile. Ukipiga Windows upya, hata kwenye mashine hiyohiyo na kwa jina lilelile la mtumiaji, hiyo ni akaunti nyingine, na folda uliyoinakili kwa uangalifu wote haitatoa nywila hata moja. Kwa hiyo mteja azitoe mwenyewe kwenye mipangilio kabla ya kufomati, kwa faili ya CSV. Faili hiyo ni maandishi matupu, kila anayeifungua anasoma. Ikishaingizwa kwenye kompyuta mpya, ifute mbele yake, na isibaki kwenye flashi yako.

Usawazishaji wa akaunti, yaani kivinjari kuweka data zake mtandaoni na kwenye vifaa vingine vya mteja, unasaidia, ila usiukubali kwa maneno tu. Mwombe mteja afungue simu yake akuonyeshe nywila zinaonekana kule. Halafu kumbuka kwamba kilichofutwa upande mmoja hufutika na upande wa pili.

Sasa pochi, ambako kosa halina marekebisho. Benki inaweza kukurudishia nywila. Pochi ambayo mwenyewe ndiye anayeshika funguo haina dirisha la kwenda kulalamika. Uliza waziwazi, kwa sababu wengi hawataji: "Una sarafu za kidijitali kwenye kompyuta hii?" Pochi kama MetaMask huishi ndani ya kivinjari kama kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa humo, na data zake zimo ndani ya profaili. Ukikiondoa kiendelezi ukidhani utakirudisha baadaye, umeziondoa pamoja nacho.

Watu wengi huchanganya nywila ya pochi na maneno ya kurejeshea. Nywila hufungua nakala iliyo kwenye kompyuta hii tu. Maneno yale, mara nyingi 12 au 24, ndiyo yanayoirudisha pochi popote. Muulize mteja kama anayo kwenye karatasi, kwa mpangilio wake, na jina la programu iliyoyatoa likiwa pembeni: maneno ya pochi ya Electrum, kwa mfano, yana utaratibu wake na hayakubaliki katika kila pochi. Tena, akaunti zilizoingizwa MetaMask kwa ufunguo binafsi, yaani msimbo wa siri wa akaunti moja, hazirudi kwa maneno hayo. Kila moja inataka ufunguo wake uhifadhiwe.

Bitcoin Core, programu ya pochi ya Bitcoin, ni habari nyingine. Haikupi maneno, inakupa wallet.dat, na menyu yake ina amri ya kutengeneza nakala ya pochi, itumie hiyo. Mnyororo wenyewe (blockchain), yaani rekodi ya miamala yote ya Bitcoin yenye mamia ya gigabaiti, uache, utapakuliwa upya. Pochi zilizotengenezwa kabla ya toleo 0.13 la mwaka 2016 ziangalie kwa makini zaidi: funguo zake mpya hazizaliwi kutoka mbegu moja, yaani siri moja ya mwanzo, hivyo nakala ya zamani inaweza kukosa funguo zilizofuata.

Maneno hayo usiyaandike wewe, usiyapige picha, usiyasome. Mwachie kiti mteja, geuka pembeni. Ni kumlinda yeye na kukulinda wewe.

Mimi nikiwa na nafasi ya kuchagua, sifomati kabisa diski ya zamani. Naweka mpya, nasimamisha mfumo juu yake, kisha mteja anaingia kwenye akaunti zake, anarejesha pochi, na tunalinganisha anwani ya pochi na ile tuliyoinakili mwanzo. Ile ya zamani anaondoka nayo. Kama ilikuwa na BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima, hakikisha kabla ya kuichomoa kwamba ana ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48, la sivyo haitafunguka kwenye mashine nyingine.